Zakayo alitoa nusu ya mali, wewe unatoa nusu ya moyo

Kama umewahi kupita soko la Mukuyuni, kule Kaiti, kaunti ya Makueni, unajua Jumapili asubuhi inavyokuwa. Spika zinashindana. Huku AIC, kule Wakatoliki, kando kidogo kuna kanisa la mabati lililoanza juzi na tayari lina kinanda na ngoma. Bodaboda wanapishana wakiwa wamebeba kina mama waliovaa vitenge, Biblia ndani ya mkoba. Ukiwa mgeni utasema, aisee, hawa watu wanampenda Mungu.

Hebu sasa ngoja Jumatatu. Gorogoro ya kupimia mahindi imebonyezwa chini kidogo, ili kilo mbili zisiwe kilo mbili. Matatu ya kwenda Wote imeandikwa jina la Yesu kioo kizima cha nyuma, na makanga amejifanya hakumbuki chenji yako ya shilingi 50. Kijana aliyeongoza nyimbo jana hadi akatoa machozi, leo anamtumia msichana wa tatu ujumbe ule ule aliowatumia wawili wa kwanza kwa WhatsApp.

Usidhani nimekaa juu nikikuhukumu. Mimi ni mwanablogu tu, niliacha chuo kabla ya kuvaa joho, na sina cheti chochote cha theolojia. Lakini hili swali limenikaa kichwani na naona linawahusu vijana wengi wa rika langu: mtu aliyempa Mungu moyo wake wote anatofautiana vipi na yule aliyempa nusu? Maana ukiwatazama Jumapili, wote wawili wanapiga makofi. Wote wanasema amina. Pengine yule wa nusu ndiye anayepiga kelele zaidi.

Jibu naanza kulitafuta kwenye jina la soko lenyewe.

Mti uliotupa jina

Kwa Kikamba, mukuyu ni mti wa mkuyu. Mukuyuni basi ni mahali penye mkuyu. Ndiyo maana jina hili utalikuta Makueni na utalikuta pia upande wa Kitui, kwa sababu mikuyu haikuota sehemu moja tu.

Kwa Wakamba wa zamani miti mikubwa ya aina hii haikuwa ya kivuli peke yake. Mahali pa kuabudia paliitwa ithembo, na mara nyingi palikuwa chini ya mti mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuukata. Mvua ikikataa kunyesha, wazee walienda pale na mbuzi, chakula na pombe, wakamwomba Mulungu. Hakuna aliyeenda ithemboni ili aonekane. Walienda kwa sababu mahindi na mtama vilikuwa vinakauka shambani na watoto walikuwa na njaa. Ibada na maisha vilikuwa kitu kimoja.

Mtu aliyeliandika jambo hili dunia nzima ikasoma ni Mkamba mwenzetu. John Mbiti alizaliwa mwaka wa 1931 kule Mulango, Kitui. Mwaka wa 1969 alichapisha kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ambacho hadi leo kinafundishwa vyuoni. Hoja yake moja kubwa ilikuwa kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na siku ya dini na siku isiyo ya dini. Dini yake alienda nayo shambani, malishoni, harusini na matangani. Haikuwekwa kabatini na suti.

Mbiti alikuwa kasisi wa Kianglikana, kwa hivyo usifikiri alikuwa akiudharau Ukristo. Aliona tu kwamba Ukristo mwingi barani umekaa juu juu. Mtu ni wa Jumapili, lakini mtoto akiugua usiku wa manane au biashara ikianguka, anatafuta mlango wa nyuma. Kwetu mlango huo unaelekea kwa mundu mue, yaani mganga. Kwa kijana wa leo unaweza kuelekea pengine: kwa kamari ya simu, kwa mheshimiwa mwenye bahasha, kwa yeyote anayeahidi kutatua shida kabla ya saa sita mchana. Huo ndio moyo nusu. Anayeishi nao huwa na Mungu wa kuimbia na mwingine wa kumtegemea.

Zakayo tuliyemsahau

Mkuyu uko pia kwenye Biblia. Luka sura ya 19 inasimulia kisa cha mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, tajiri, mfupi wa kimo, aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu akipita. Jina lake unalijua vizuri. Wakenya walilifufua wakati wa maandamano ya Juni 2024, vijana walipomwita Rais William Ruto Zakayo kwa sababu ya kodi, wakimtaka ashuke.

Tatizo ni kwamba sote tulikumbuka mti na kodi, tukasahau mwisho wa stori.

Zakayo alipoitwa, alishuka haraka na kumkaribisha Yesu nyumbani. Watu wakanung'unika: huyu mwizi tena? Na pale, bila kulazimishwa na bila mahubiri yoyote ya sadaka kutajwa, Zakayo akasimama na kusema nusu ya mali yake anawapa maskini, na yeyote aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Piga hesabu kidogo. Kama alikuwa amewadhulumu watu 100 shilingi 1,000 kila mmoja, anatakiwa kurudisha shilingi 400,000, na hapo tayari ameshatoa nusu ya kila alichonacho. Huyu jamaa huenda alilala maskini siku hiyo.

Ona sasa kitu cha ajabu. Zakayo alitoa nusu ya mali, lakini hakuna anayeweza kusema alitoa nusu ya moyo. Aligusa pale pale palipomuuma. Alikuwa mwizi wa pesa, akatubu kwa pesa. Angeweza kuanza kwa kuimba kwenye kwaya, au kufunga siku tatu, au kununulia kanisa viti vya plastiki. Vyote ni vizuri, lakini vyote vingeiacha ile pesa ya wizi imetulia mfukoni.

Sisi tunafanya kinyume. Tunampa Mungu kwa wingi kile ambacho hatukihitaji sana, yaani sauti, muda wa Jumapili, stika kwenye gari, mstari wa Biblia kwenye wasifu wa Instagram, halafu ile kona moja inayouma tunaifunga kwa kufuli. Kwa mwingine kona hiyo ni pesa. Kwa mwingine ni mapenzi, kinyongo na ndugu yake kuhusu mpaka wa shamba, au ule uongo anaouishi mtandaoni. Nusu ya moyo mara nyingi ni moyo karibu wote, ukitoa chumba kimoja tu. Na wewe mwenyewe unajua ni chumba gani.

Kitu kingine: Luka hasemi kwamba Zakayo aliacha kazi. Huenda Jumatatu alirudi pale pale kwenye meza ya ushuru, ila na mikono tofauti. Nakwambia hivi kwa sababu vijana wengi wanadhani kumpa Mungu moyo wote lazima uwe pasta. Hapana. Anaweza kukutaka uwe makanga anayerudisha chenji.

Nzaui hadi Burgdorf

Kutoka Mukuyuni si mbali sana hadi Nzaui, mlima unaojulikana na kila mtu wa Makueni. Oktoba 1895, kijana Mskoti aliyelelewa Marekani aitwaye Peter Cameron Scott alitua Mombasa na kikundi kidogo cha wamishonari. Reli ilikuwa bado haijaanza kujengwa, kwa hivyo walitembea. Kufikia Desemba walikuwa wamefika Nzaui na kuanza kituo chao cha kwanza. Ndani ya mwaka mmoja waliongeza vingine Sakai, Kilungu na Kangundo.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Scott kuja Afrika. Kabla ya hapo alikuwa Kongo, ambako ndugu yake John alifariki, na yeye mwenyewe akarudishwa mgonjwa. Mtu mwenye moyo nusu angesema, nimejaribu, Mungu ameona. Yeye alirudi. Desemba 4, 1896, homa ikamuua. Alikuwa na miaka 29, umri wa wasee tunaokunywa nao chai pale stendi.

Baada yake mambo yalizidi kuharibika. Wenzake wengine walikufa, wengine wakarudi kwao. Ukambani ikapigwa na ile njaa kali ya 1898 na 1899 ambayo wazee waliiita Ngomanisye. Kazi nzima ilikaribia kufungwa. Lakini haikufa, na kutoka mbegu hiyo ndiyo likatoka kanisa la AIC ambalo spika yake inakuamsha Jumapili. Chuo kikuu cha Scott kule Machakos kinabeba jina la kijana huyo.

Unaweza kubishana na wamishonari, na mimi nabishana nao. Walikuja wakati mmoja na wakoloni, na mambo mengi ya Wakamba, hata ngoma, waliyaita dhambi kabla hawajayaelewa. Pia si wao peke yao waliolibeba kanisa. Wakamba wa kwanza kuamini, wale waliotembea kutoka kilima hadi kilima wakichekwa na ukoo wao, wengi wao majina yao hayako kwenye vitabu vyetu vya shule. Lakini jambo moja huwezi kuwapinga watu hao: hawakuwa na mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Isije ukafikiri moyo wote ni lazima ufe ukiwa na miaka 29. Mrudie Mbiti. Huyo alifanya kazi kimya kimya miaka na miaka, akitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, neno kwa neno. Lilichapishwa mwaka wa 2014, akiwa ameshapita miaka 80. Aliishi Uswisi, mji wa Burgdorf, alikokuwa kasisi, na huko ndiko alikofia mwaka wa 2019. Fikiria mzee amekaa kwenye baridi ya Ulaya, anatafuta neno la Kikamba litakaloeleweka na nyanya wa Kitui. Hakuna spika, hakuna makofi, hakuna anayerekodi. Kama kuna picha ya moyo mzima, mimi naiona hapo.

Maji ya mtungi wa punda

Kwenye Ufunuo sura ya 3 kuna kanisa la Laodikia, linaloambiwa kwamba si baridi wala si moto, na kwa hiyo litatapikwa. Nikiwa mdogo nilidhani maana yake ni kwamba Mungu anataka watu wenye joto tu, wa kurukaruka. Lakini wachambuzi wengi wa Biblia wanaeleza kisa hiki kwa maji. Jirani yao Hierapoli, ambayo leo iko Uturuki, kulikuwa na chemchemi za maji moto watu walizotumia kujitibu. Kolosai walikuwa na maji baridi ya kunywa. Laodikia maji yao yalitoka mbali kwa mifereji, na yalipofika yalikuwa vuguvugu na yamejaa chokaa.

Mtu wa Makueni haitaji kufafanuliwa zaidi. Unajua maji ya mtungi yaliyobebwa na punda kutoka mtoni mchana, yakapigwa na jua njia nzima. Hayapoi kiu, na chai bado hayajawa. Maji moto yana kazi yake, baridi yana kazi yake. Kwa hivyo kama wewe ni mkimya, huna machozi wala makelele kanisani, usijione umepungukiwa. Baridi pia inafaa. Swali ni kama kuna mtu yeyote amewahi kufaidika na imani yako, au kama imekaa tu mtunginini ikipata joto la jua.

Wote maana yake na akili pia

Hapa lazima tuongee ukweli, kwa sababu wengine wenu mnasoma haya mkiwa na hofu. Moyo wote? Si ndiyo hiyo ilituletea Shakahola?

Haki yako kuuliza. Mwaka wa 2023, kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwemo watoto wengi. Walikuwa waumini waliohusishwa na mhubiri Paul Mackenzie, na upande wa mashtaka unasema waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Huwezi kusema watu hao walikuwa vuguvugu. Waliacha kazi, nyumba, shule za watoto, kila kitu.

Lakini soma tena amri kubwa katika Mathayo 22. Inataja moyo, roho, na akili. Akili imo kwenye orodha, haikusahaulika. Anayekwambia umpe Mungu kila kitu ila uache kufikiri, anakuomba nusu na kuiita nzima. Na mara nyingi ile akili unayoiacha haiendi kwa Mungu, inaenda kwake yeye. Kumpenda Mungu kwa akili ni kuuliza maswali, kusoma mwenyewe, kumpeleka mtoto hospitalini, na kuondoka kanisani ukiona mchungaji anatajirika na waumini wanakonda.

Zakayo alibaki na akili timamu. Alipiga hesabu, akajua nusu ni ngapi, mara nne ni ngapi, na nani anamdai.

Tuko wengi, lakini

Sensa ya 2019 ilionyesha Wakristo ni zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya. Hebu fikiria. Karani anayeomba kitu kidogo, askari wa barabarani, anayeuza dawa zilizopitwa na wakati, mwanakandarasi wa barabara iliyobomoka kabla ya mvua ya pili, wengi wao watakuwa kanisani Jumapili. Nchi hii haina upungufu wa Wakristo. Ina upungufu wa Wakristo wa Jumatatu.

Ndiyo maana kuna tukio moja lililonigusa. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mchango wa rais uliotolewa kwenye kanisa la Soweto, Kayole, na kuagiza urudishwe. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu siasa zake. Ninachotazama mimi ni kile kilichoguswa. Kanisa liligusa pale panapouma, kwenye sadaka yenyewe, baada ya vijana kulalamika miezi kadhaa kwamba madhabahu imegeuzwa jukwaa la kampeni.

Sasa wewe

Usichanganye moyo nusu na imani dhaifu. Kwenye Marko 9 kuna baba mwenye mtoto mgonjwa aliyemwambia Yesu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kwa sababu imani yake haitoshi. Hakufukuzwa. Mtoto wake alipona. Kama huna kazi, umechoka, unaomba na husikii kitu, una maswali ambayo mchungaji hakuyajibu, wewe si vuguvugu. Unaweza kumletea Mungu moyo uliovunjika vipande kumi, mradi ulete vyote kumi. Moyo nusu ni ule mzima wa afya ambao mwenyewe umeamua kuficha kipande.

Ukambani tuna mwethya, ile desturi ya watu kukusanyika kulima, kuchimba matuta au kujenga bwawa la mchanga. Kila mtu anakuja na jembe lake. Na kila mwethya una mtu mmoja anayefika mapema, anayesalimia kila mtu, anayecheka kwa sauti, na jioni ikifika jembe lake bado linang'aa. Watu hawamsemi, ila wanamjua. Hata susu aliyechimba hatua mbili tu kwa mgongo unaouma anaheshimiwa kuliko yeye.

Kwa hivyo kabla hujaingia kwenye kesha lingine, kabla hujaandika amina chini ya video nyingine, kaa chini dakika tano utafute gorogoro yako iliyobonyezwa. Inaweza kuwa deni la rafiki unayemkwepa kwa kubadilisha njia. Inaweza kuwa msichana aliyekuamini, au mzazi ambaye hujampigia simu tangu mgombane. Usianze na mambo kumi, utachoka kufikia Jumatano. Chukua hilo moja, lile ambalo umekuwa ukiliruka ulipokuwa ukisoma makala haya.

Zakayo hakungoja mwisho wa mwezi. Alishuka siku ile ile, watu wakiwa bado wanamnung'unikia, akaanza kutaja hesabu. Wewe pia simu unayo mkononi. Namba ya huyo mtu unaijua.